Benki yetu ndogo inataka kuwapa watu wa nje kazi ya kuskani mafaili yote. Wenye uzoefu karibuni

Kabati la Chuma (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Nipo benki moja ya wananchi huku Nyanda za Juu Kusini. Matawi matatu, wateja wengi ni wakulima wa chai, mahindi na viazi, pamoja na vikundi vya kina mama. Jina tuliache. Masjala ninakaa mwaka wa 11 huu, mafaili karibu yote yamepita mikononi mwangu na mengine nayatambua kwa rangi ya kamba tu.

Machi mwaka huu bati la chumba cha nyuma lilivuja. Tukakuta maboksi mawili ya fomu za kufungulia akaunti yamelowa chapachapa. Jumapili nzima mimi na mlinzi tulikuwa tunaanika karatasi kwenye sakafu ya ukumbi wa wateja, kila karatasi na kijiwe chake juu, feni zote zinazunguka. Zipo fomu ambazo wino uliyeyuka wote. Mteja mmoja picha yake ya pasipoti imebaki mabega. Nikaipiga picha ile fomu, nikamrushia meneja, na hapo ndipo mambo yakaanza.

Bodi imekaa ikaamua nyaraka zote ziingie kwenye kompyuta. Imekuja kampuni kutoka Dar na mpango wao: wanaleta lori, wanabeba maboksi yote, wanakwenda kuskani kwenye ghala lao, kisha nyaraka zinakaa kwenye mfumo wao wa mtandaoni na sisi tunalipa kila mwezi ili tuweze kuzifungua. Karatasi zikishaskaniwa wanazisaga. Malipo ya kuskani ni kwa ukurasa. Meneja ameshapenda, kile chumba anakitaka kiwe ofisi ya maofisa mikopo.

Nimeambiwa niandike dokezo la kitaalamu kwa ajili ya kikao kijacho. Utaalamu wangu mimi ni kujua faili lipo rafu gani. Nisaidieni: hii kazi inatolewa nje yote, nusu, au tuifanye wenyewe? Hilo la kusaga karatasi ndilo linaninyima usingizi zaidi.

Karanga Mbichi

Nimekaa siti ya mbele na karanga zangu. Wenye fani njooni.

Pini ya Stepla

Mleta mada umenikumbusha mbali. Nimefanya kazi ya kuskani miaka miwili, Dar hapo hapo, kwa mkandarasi aliyekuwa anachukua kazi za mabenki na taasisi. Kampuni siitaji. Ila nikueleze yanayofanyika humo ndani.

Msimamizi alikuwa na ubao mweupe, kila mtu na idadi ya kurasa zake za siku. Sikumbuki hata siku moja mtu akiulizwa kama kurasa zinasomeka. Skana yenyewe haichelewi. Kinachokula muda ni maandalizi: kung'oa pini, kunyoosha kona zilizokunjwa, kubandua risiti iliyogundishwa juu ya maandishi, kutenganisha kabonkopi zilizoshikana. Sasa mtu analipwa kwa ukurasa, unadhani atafanya nini? Anang'oa pini inayoonekana, anapitisha.

Mgongo wa karatasi ndio uliotuponza kuliko yote. Skana unaweza kuiwekea isome upande mmoja au pande zote mbili. Upande mmoja ni haraka. Maofisa mikopo wanapenda kuandika nyuma ya fomu: "ameomba kuongezewa miezi miwili, nimekubali", tarehe, sahihi. Yote hayo yalikuwa yanaachwa.

Lingine ni hili la kurasa tupu. Programu za kuskani zina kitufe cha kufuta kurasa zisizo na kitu, zinapima tu weusi uliopo kwenye karatasi. Ukurasa wenye dole gumba lililofifia peke yake, au maandishi ya penseli, programu inauona mtupu, inautupa. Wewe mwenyewe hujui kama umetupwa.

Halafu indeksi, yaani ile orodha ya majina ya kutafutia mafaili. Fomu imeandikwa kwa mkono Atupele, mimi kijana wa Temeke nimesoma Atupeke, nimeandika hivyo hivyo na kusonga mbele, kwa sababu sijawahi kumwona huyo mtu wala sitamwona. Karatasi ipo kwenye mfumo, ila siku atakapokuja dirishani hamtampata hadi mfungue mafaili moja moja. Ukiniuliza mimi, kuskani wape watu wa nje. Kuandika jina la faili msiwape.

Waya Mwekundu

Pini ya Stepla kamaliza nusu ya kazi. Mimi niingie upande wa mitambo.

Waambie waskani kwa nukta 300 kwa inchi na kwa rangi. Watakuja na hoja kwamba rangi inajaza nafasi, weusi na weupe unatosha. Piga hesabu mwenyewe. Ukurasa wa A4 kwa nukta 300 una pikseli 2480 kwa 3508. Ukiubana kawaida unapata kati ya nusu megabaiti na moja. Weka moja kamili, chukua kurasa laki tano: ni gigabaiti 500, diski moja inayoingia kwenye mfuko wa shati. Nafasi si gharama tena siku hizi, mikono ya watu ndiyo gharama. Weusi na weupe unaua muhuri wa bluu, unaua dole gumba, na ile nakala ya waridi ya kabonkopi inatoka kama imepakwa masizi.

Faili liwe PDF/A. Hii ni aina ya PDF iliyotengenezwa kwa ajili ya kutunza muda mrefu, kiwango chake cha kwanza cha ISO kilitoka 2005. Kila kinachohitajika kulifungua kipo ndani ya faili lenyewe, halitegemei fonti iliyoko kwenye kompyuta ya mtu.

Kuna kitu kimoja kila mtu wa benki anapaswa kukijua. Agosti 2013 Mjerumani anaitwa David Kriesel aliweka wazi kwamba mashine za Xerox za aina ya WorkCentre zilikuwa zinabadilisha tarakimu. Alikuwa na mchoro wa nyumba wenye vyumba vya ukubwa tofauti, akauskani, vikatoka vyote na ukubwa mmoja. Sababu ilikuwa namna ya kubana picha: mashine inatafuta maumbo yanayofanana, inahifadhi moja na kulibandika kila mahali, na 6 na 8 kwa macho yake ni ndugu. Ukungu ungekushtua, hapa ulikuwa unapata tarakimu safi, nyeusi, inayosomeka, ila siyo iliyoandikwa kwenye karatasi. Xerox walitoa marekebisho ya programu, lakini tafakari mkopo wa 600,000 unaosomeka 800,000. Kwa hiyo kwenye mkataba andika kabisa kwamba ubanaji wa aina hiyo hautakiwi, na kiasi cha fedha kilinganishwe na leja kwa sampuli.

Swali la mwisho kwa mkandarasi: tukiacha kulipa ada ya mwezi, tunabaki na nini? Kama jibu lina maneno mengi, kimbia. Dai kila kitu kiwe kwenye diski zenu wenyewe, mafaili ya PDF pamoja na jedwali la kawaida la indeksi linalofunguka kwenye programu yoyote. Mfumo wao uwe dirisha tu la kuchungulia. Na waambie wawakabidhi hivyo kwa mafaili 100 sasa hivi wakati bado wanawatongoza. Mkishaoana hamtapata.

Kabati la Chuma

Hapo kwenye dole gumba mmenishika. Nusu ya wadhamini wetu hawasaini, wanaweka dole. Hilo nilikuwa sijaliwaza kabisa.

Kuna mwanasheria humu? Hili la kusaga vipi?

Wakili wa Mchana

Nipo. Ushauri rasmi mtautafuta kwa wakili wenu, haya ni maongezi.

Kwanza muelewe mnakaa wapi kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya 2022, ilianza kutumika 1 Mei 2023. Benki ni mkusanyaji, kampuni ya kuskani ni mchakataji. Wote wawili wanapaswa kuwa wamesajiliwa kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Waombeni cheti chao kabla hata ya kuongelea bei. Na kumpa mtu kazi hakuhamishi lawama, mteja akiona kitambulisho chake kinazunguka mtaani atakuja kwenu, hatakwenda kwenye ghala la mtu asiyemjua. Pia BoT, yaani Benki Kuu, wana mwongozo wao kuhusu benki kukabidhi shughuli zake kwa watu wa nje. Mtu wenu anayesimamia uzingatiaji wa sheria akae nao mapema.

Mahakamani je? Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 haiukatai ushahidi kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Lakini kifungu cha 18 kinataka mahakama ipime uzito wake: ulitengenezwa na kutunzwa kwa njia ya kuaminika kiasi gani, ukamilifu wake ulilindwaje, aliyeuanzisha alitambuliwaje. Sasa jiulize nani atapanda kizimbani kueleza hayo. Kumbukumbu za vitabu vya benki zinathibitishwa na ofisa wa benki. Wakili wa upande wa pili atamuuliza: ulikuwepo zilipokuwa zinaskaniwa? Nani alishika karatasi? Zilikaa wapi usiku? Kama zilipanda lori zikaenda kilomita mia sita, ofisa wenu atajibu nini? Atasema "nadhani". Mimi nikiwa upande wa pili, hilo neno nalichukua naenda nalo mbali sana.

Kusaga: gawanyeni nyaraka mafungu. Vocha za zamani zilizokwisha muda wa kisheria, sageni baada ya mkaguzi kusaini. Kumbukumbu za utambulisho wa mteja na miamala yake zina muda wake. Viwango vya FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji fedha, vinataka si chini ya miaka 5 baada ya uhusiano kwisha, na sheria ya nyumbani ikidai zaidi mnafuata ya nyumbani. Mikataba ya mikopo inayoendelea na chochote chenye dole gumba, msisage. Hatimiliki na hati za kimila za dhamana hizo hata ghala lisizione. Ile si mali ya benki, ni mali ya mtu, ninyi mmeishikilia tu.

Hesabu Kwanza

Naona wote mnamwambia awe na hofu na watu wa nje. Ngoja nimtetee meneja kidogo.

Sisi taasisi yetu tulisema tutafanya wenyewe. Tukanunua skana nzuri, tukateua watumishi wawili "watakaofanya pamoja na majukumu yao mengine". Mwezi wa kwanza wakafanya rafu moja. Mwezi wa pili ukaja ukaguzi, wakarudi dirishani. Leo hiyo skana imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya babu, na juu yake kuna chombo cha maua. Mafaili yapo palepale, panya nao wapo.

Kazi ya namna hii inataka watu wasio na kazi nyingine. Ndiyo maana inatolewa nje. Kosa ni kutoa karatasi nje. Waje kwenu na skana zao, wakae ukumbini kwenu, walale nyumba ya wageni ya mji wenu, wafanye miezi mitatu waondoke. Gharama itapanda kidogo kwa posho na nauli, ila lori mmelikwepa na lile swali la wakili nalo mmelikwepa.

Mwanachama Halisi

Salamu kutoka Nakuru. Kwetu kwenye sacco tulipitia hayo hayo, na Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kwa hivyo hofu ni zile zile. Kilichotusumbua ni wadhamini. Mkopo mmoja una wadhamini wanne au watano, na kila mmoja yuko pia kwenye mikopo ya wengine. Mkandarasi aliweka fomu chini ya jina la mkopaji pekee. Mdhamini akija kuuliza amedhamini nani na nani, karani hana jibu, ilhali enzi za karatasi tulikuwa na kadi zao kwenye droo. Ikabidi turudie indeksi yote na karani wetu mwenyewe. Mkipanga sehemu za indeksi, anzeni na maswali ambayo wateja huuliza dirishani.

Binti Mkulima

Samahanini wakuu, mimi si mtu wa benki, nimepita tu nikaona neno hati.

Baba alikopa akaweka dhamana hati ya kimila ya shamba. Deni akamaliza, baadaye akafariki kabla hajaifuata. Tukaenda mimi na kaka na barua ya usimamizi wa mirathi. Yule dada wa dirishani alikuwa na heshima zake, akafungua kompyuta, akatuonyesha hati ya baba kwenye kioo. Safi kabisa, hadi muhuri wa kijiji unaonekana, hadi sahihi ya baba yenye ile R aliyokuwa anaizungusha. Mimi nililia pale pale. Akatuchapishia. Tukamwambia dada, tunashukuru, tunaomba yenyewe. Akasema yenyewe imehifadhiwa Dar.

Miezi minane. Kila tukipiga simu, "inatafutwa". Ilipokuja ilikuwa ndani ya bahasha yenye jina la mtu wa Rungwe tusiyemfahamu. Kaka alimuuliza meneja, na hati ya huyo wa Rungwe ipo kwenye bahasha ya nani? Hakujibiwa.

Kabati la Chuma

Pole sana dada yangu. Hii nakwenda kuisoma kikaoni kama ilivyo, kama utaniruhusu.

Binti Mkulima

Isome tu kaka.

Baki na Risiti

Nami niweke la kwangu. Mnakumbuka Januari 2018 BoT ilipofunga benki tano kwa siku moja kwa kupungukiwa mtaji? Njombe, Meru, Kagera Farmers, Covenant na Efatha. Bodi ya Bima ya Amana ikateuliwa kuwa mfilisi, na fidia ya bima wakati ule kikomo chake kilikuwa shilingi milioni 1.5 kwa mteja. Siwatakii mabaya, ila benki za wananchi mtaji wake mnaujua.

Siku kama hiyo mfilisi anahitaji mambo mawili: nani anadai na nani anadaiwa. Yote yamo kwenye mafaili. Sasa fikiria mafaili yapo kwenye mfumo wa mkandarasi, na yeye mwenyewe anaidai benki ada ya miezi mitano. Atafungua? Kwenye mkataba kiwepo kipengele kwamba mkandarasi hana haki ya kushikilia nyaraka wala data kwa sababu ya deni lolote, na benki ikifungwa anamkabidhi mfilisi bila masharti. Kama hataki kusaini hicho, ameshakuonyesha anachotegemea.

Waya Mwekundu

Nimerudi kwa ajili ya ghala na kusaga, maana watu wanafikiri haya yanawapata wadogo tu.

Tarehe 5 Februari 2014 ghala la Iron Mountain huko Barracas, Buenos Aires, liliungua. Hao ni wakubwa duniani kwenye kutunza nyaraka za watu, na humo mlikuwa na nyaraka za mabenki. Ukuta uliwaangukia zimamoto na waokoaji, 10 wakafa. Ukiweka kila kitu chini ya paa la mtu mmoja, hata awe nani, moto mmoja unatosha.

Na Morgan Stanley, benki ya Marekani. Ilipokuwa inafunga vituo vyake vya data 2016 ilitumia kampuni ya kuhamisha mizigo isiyo na uzoefu wa kufuta diski. Baadhi ya vifaa vikaja kuuzwa kwa mnada mtandaoni vikiwa bado na taarifa za wateja. Faini ya kwanza dola milioni 60 mwaka 2020, nyingine milioni 35 mwaka 2022. Kwa hiyo mkandarasi akimaliza, msiulize karatasi tu. Skana zina diski ndani, kompyuta walizotumia zina nakala. Mtu wenu asimame pale zinapofutwa.

Bakapu: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae mbali na mji. Na kila faili lipigwe ile hesabu ya SHA-256, ni mfuatano wa herufi na namba unaotokana na faili lenyewe. Ikibadilika nukta moja, mfuatano wote unabadilika. Orodha ya hizo hesabu ichapishwe, isainiwe, iwekwe sefu. Wakili hapo juu ataelewa kwa nini: ndiyo njia ya kuonyesha faili halijaguswa.

Wakili wa Mchana

Nimeelewa hadi nimetabasamu.

Mzee wa Leja

Vijana, mimi nimestaafu masjala serikalini. Nimesoma yote. Mmeongea ya mashine mkaruka la kwanza.

Kabla karatasi haijaguswa na mtu wa nje, kila faili lipigwe folio. Namba kwa penseli, kona ya juu kulia, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na mgongo wenye maandishi nao upewe namba yake. Juu ya jalada andika jumla. Hapo mkandarasi akirudisha picha 38 kwa faili la folio 41, unamwambia leta tatu. Usipofanya hivyo utabishana naye kwa lipi? Faili lisilo na folio ni gunia.

Ni kazi chafu na ya kuchosha. Hiyo ndiyo yenu, haitolewi nje.

Kabati la Chuma

Shikamoo mzee wangu. Hilo la folio tuliliacha alipostaafu karani wa kwanza wa benki hii. Linarudi.

Mzee wa Leja

Marahaba. Tumia penseli ya HB, kalamu usiweke.

Karanga Mbichi

Karanga zimeisha, uzi bado mtamu. Mleta mada usituache njiani, leta mrejesho.

Kabati la Chuma

Wakuu, samahani kwa kupotea, ni wiki ya saba leo. Mrejesho huu hapa.

Dokezo nililipeleka. Meneja mwanzoni alinuna. Niliposoma habari ya yule dada na hati ya baba yake, mjumbe mmoja wa bodi, mama mtu mzima mwenye shamba la chai, akauliza, "Na zetu ziko wapi?" Kikao kikaamua tujaribu kwanza kwa mafaili 100.

Kampuni walikubali kuja, walileta vijana wawili na skana moja. Mimi na mwenzangu tulikuwa tumepiga folio wiki nzima kabla, vidole vimeota sugu. Kwa hesabu yetu kurasa 4,120. Wao wakakabidhi 4,037. Zile 83 tulizifuata moja moja. Nyingi ni migongo, kama alivyosema Pini ya Stepla, na zingine programu ilizitupa kwa kuziona tupu. Mojawapo ilikuwa karatasi ya mdhamini, haina neno hata moja, ina dole gumba tu, na maelezo yake yapo ukurasa uliotangulia. Nilimwita kiongozi wao aje aione. Akaishika juu ya mwanga wa dirisha muda mrefu, akasema "dah". Kuanzia hapo akazima kile kitufe mwenyewe, na waliporudia hesabu ikakaa sawa.

Kilichonifungua macho zaidi ni kwenye indeksi. Tuna wateja wawili, majina yote matatu sawasawa, kata moja, miaka wamepishana miwili. Wa kwanza faili lake lina maandishi ya penseli juu ya jalada: "wa mashineni". Yaani yule mwenye mashine ya kusaga. Aliyeandika ni yule karani wa kwanza, marehemu sasa. Penseli imefifia, ukitaka kuisoma uinamishe jalada. Kwenye indeksi yao hao wawili walikuwa mtu mmoja, mkopo wa huyu na akiba ya yule vimekaa pamoja. Siwalaumu wale vijana. Hata mfumo wetu wenyewe haukuwa na sehemu ya kuandika "wa mashineni". Sasa tumeiongeza, tumeiita utambulisho wa mtaani, pamoja na namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) kwa wenye nayo, na sehemu ya "amedhamini nani" kama alivyoshauri ndugu wa Nakuru.

Maamuzi ya bodi: kampuni wanakuja na skana tatu, wanakaa ukumbi wa mikutano wa makao makuu, karatasi haivuki geti. Kuskani ni wao. Folio na indeksi ni sisi, wameajiriwa vijana wanne wa hapa hapa kwa miezi sita, wanajua majina ya watu. Kampuni wanalipwa kwa faili lililohakikiwa, malipo ya ukurasa yamefutwa. Diski ni zetu. Kipengele cha deni na mfilisi walikataa, wakarudi baada ya siku nne wakakubali. Hatimiliki na hati za kimila naziskani mwenyewe, mtunza sefu akiwa amekaa pembeni, na zinarudi sefu siku hiyo hiyo. Kusaga kumeahirishwa hadi mkaguzi wa ndani akague. Meneja ofisi yake ya maofisa mikopo hajaipata, hatusalimiani vizuri wiki hizi. Bati limeshazibwa.

Wanaanza Jumatatu. Sisi tupo kwenye kung'oa pini. Ndoo ya lita 20 imefika nusu, na ni rafu mbili tu. Nyingi zina kutu, ukizishika zinavunjikia mkononi. Mwenye soko la chuma chakavu aniambie.

Karanga Mbichi

Kilo bei gani?